Mama Alivyokutazama kwenye Video

Bariadi, 14 Agosti 1997

Mwangaluka, mdogo wangu Philomena,

Sisi tupo. Siku hizi pamba inanunuliwa na kila mwenye gari na mizani.

Kanda ya mchezo wenu ilifika. Tuliitazama mchana kwenye banda la video la Mayunga, mimi na mama. Umependeza, sisemi uongo. Lakini huyo mama kichaa unayemwigiza ni mama yetu, hata kitenge ni chake, na mama yetu hajawahi kumrushia mtu mawe. Ungekaa naye ungejua. Yeye huchomoa pamba ya godoro, akachambua safi na fifi, nzuri huku na chafu kule, kutwa nzima, kimya. Tena wote mmeongea Kiswahili cha Dar, kichaa peke yake mkampa Kiswahili cha Kisukuma. Banda zima lilicheka, Wasukuma wenzake!

Mama hakucheka. Alisogea hadi kwenye kioo, akakugusa shavu, akasema, "Philomena wangu." Kisha akanigeukia: "Nesi, umemwona mwanangu?"

Miaka tisa namwogesha mimi. Jina langu hajalitaja hata mara moja.

Sasa kila asubuhi ananivuta mkono twende kukuona. Namwambia kanda imekatika. Haijakatika, nimeificha kwenye debe la mtama.

Nilipoanza barua hii nilitaka kukuomba uje umwone. Usije kwanza.

Dada yako,
Nyamizi