Kompyuta Ilianza na Rangi

Inyonga, Jumatano, jua linazama

Na kompyuta haikukosea. Hilo ndilo linaloniudhi. Ilifanya kile kile nilichoiandikia.

Programu yangu ya lugha ya kompyuta iitwayo C, ya kwanza kuandika nje ya mazoezi ya chuo, inapima asali kwa maswali mawili. If ya kwanza, yaani "kama": rangi inang'aa? Andika "safi". Else if, yaani "la sivyo, kama": inanuka uchachu? Andika "mbovu". Leo nikamwonyesha baba kwa majivuno. Akaniletea kopo la asali iliyochacha lakini inang'aa vizuri tu. Nikajibu swali la rangi: ndiyo. Kompyuta ikaandika "safi".

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "We mtoto, sisi warina asali tunaanza na pua. Ikishanuka, rangi unaiulizia nini?"

Ndipo nikaelewa. If ya kwanza ikikubali, swali la pili haliulizwi kabisa. Nimegeuza mistari, sasa inajibu sawasawa.

Ila situlii. Juzi nilimpimia shangazi Sabina asali yake, naye akaenda kuimimina ndoo yake kwenye pipa la kikundi chao cha warina asali, juu ya asali ya wenzake. Ilikuwa inang'aa. Mimi sikuinusa hata kidogo. Na kama ilikuwa...

Kesho alfajiri niende kwake kabla pipa halijapakiwa. Nitaanzaje? Alikuwa na mafua, hasikii harufu, ndiyo maana alikuja kwangu. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome. Akajitwisha ndoo, akasema:

"Kama kompyuta imesema, mwanangu, mimi ni nani nibishe?"