Aliyehesabu Magari ya Mtaa wa Ngazi

Amman, Ijumaa asubuhi

Kwako dada yangu Hanadi,

Pokea salamu zangu na za wote waliokuzoea huku mlimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kazi inakwenda, na makaratasi yako ya ukaazi yameanza kuhama kutoka meza moja kwenda nyingine. Sisi hatujambo. Mama yangu magoti yanamsumbua lakini mdomo haumsumbui, kwa hiyo jua kwamba ni mzima. Mama yako naye ni mzima. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna jambo juu yake nitakueleza chini, na nakuomba usiruke mistari kwenda kulitafuta.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Anakuletea mke wa Dokta Hisham, anakuja Montreal kumwona mwanawe, na mama yako amempa pia zaatari ya kulia mkate na zeituni zako. Simu ningeweza kupiga, ila kwenye simu una tabia ya kunikatiza, na mbaya zaidi una tabia ya kunisamehe kabla sijamaliza kusema. Safari hii nataka nimalize.

Habari za mtaani ni nyingi. Duka la kunyozea la Abu Sakher limefungwa, sasa wanauza kuku wa kuchoma, na moshi wote unaingia kwetu. Gari la gesi bado linapita na muziki wake uleule, ila siku hizi halipiti kwetu. Linapita kwenu tu. Na hilo ndilo linalonileta kwenye ujumbe wako wa mwezi uliopita, ambao nimeusoma mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Uliandika kwamba mama yako kwenye simu hasikiki tena kwa honi. Ukasema hafungui madirisha kwa vumbi, na kile kiti cha marehemu baba yako amekiondoa mlangoni na kukiingiza ndani kwa kuwa magari yanakigusa. Halafu ukaniandikia hivi: "Rula, wewe umo humo humo ofisi ya barabara. Nitafutie mtu aliyehesabu yale magari, umuulize kama ana mama."

Sikukujibu. Nilikutumia picha ya paka wetu. Ulicheka, nami nikaona haya.

Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa, hata yale unayoyajua, maana nimegundua kwamba nisipoyapanga kwa utaratibu nitayakimbia. Unajua mitaa yetu miwili, wa kwetu wa Mzeituni na wa kwenu wa Ngazi, inavyoshuka sambamba kutoka mzunguko wa juu hadi barabara ya hospitali. Unajua pia kwamba yote ni myembamba, na kwamba madereva wanaokimbia foleni ya taa wanajipenyeza humo. Miaka yote wamejigawa wenyewe, nusu kwetu nusu kwenu, na sote tulikuwa tunawalaani kwa usawa.

Mama yangu ndiye aliyechoka kwanza. Geti letu liligongwa mara tatu mwaka mmoja. Kila nikirudi kutoka kazini ananipokea na maneno yake, kwamba mwanawe ana ofisi nzima ya barabara na yeye hawezi kuvuka barabara ya mlangoni pake; kwamba watoto wa wenzake ni wauza viatu lakini mama zao wanavaa viatu. Nilikuwa nacheka. Kisha gari la nne likapanda njia ya miguu, likasimama hatua mbili kutoka alipokuwa anachambua majani ya mloukhia ya mboga, na baada ya hapo sikucheka tena. Alianza kulala na taa, mama yangu, mwanamke ambaye hajawahi kuogopa hata mama mkwe wake.

Ofisi yetu tayari ilikuwa na mpango wa kutuliza magari kwenye vitongoji vya mlimani. Mtaa unaweza kufungwa upande mmoja kwa maboksi ya zege yenye maua, na magari yakapangiwa kupita mtaa wa pili. Lakini kuna kanuni. Hufungi mtaa kwa sababu mama ya mhandisi hapati usingizi. Unaufunga ikiwa unabeba magari angalau mara mbili ya mwenzake, na hilo linajulikana kwa kuhesabu. Wahesabuji wetu walipangiwa siku tatu mwezi wa Novemba, Jumanne mpaka Alhamisi. Nilijua matokeo yatakavyokuwa, nusu kwa nusu, na mama yangu angeambiwa asubiri.

Baba yako akafariki Jumatatu ile.

Hanadi, umenishukuru mara nyingi kwa siku zile tatu. Umesema nilikaa mahali pako kwa kuwa wewe ulizuiliwa huko. Ni kweli nilikaa. Nilikaa na mama yako tangu asubuhi, nikapokea wageni, nikaosha vikombe, nikalia machozi ya kweli, maana baba yako, mwalimu yule, alitufundisha mimi na wewe kusoma ramani juu ya meza ileile ya kulia chakula. Hayo usiyatilie shaka. Lakini si hayo tu niliyoyafanya.

Turubai la matanga lilisimamishwa mtaani, mbele ya mlango wenu, kama kawaida yetu. Viti vya plastiki vikajaa kutoka ukuta hadi ukuta, na gari halikuweza kupita hata kwa bahati mbaya. Magari yote yanayotoka mzunguko wa juu yakageukia kwetu. Jumanne mchana nilitoka kupunga hewa, nikamkuta mhesabuji wetu Abu Fawaz, mwenye masharubu, yule aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pale juu ya mtaa wenu na karatasi yake mapajani. Wajomba zako walidhani amekuja kuhani. Walimmiminia kahawa chungu, wakampa tende, naye mtu wa watu akainuka, akasema Mungu amrehemu, akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha kimemtosha, akarudi kuhesabu. Aliniambia ameshakunywa vikombe sita na moyo unamwenda mbio, lakini kukataa kahawa ya msiba hawezi.

Kisha akasema jambo ambalo mtu wa miaka thelathini kazini lazima aliseme. Aliniambia kwamba huku hapiti mtu, yote yamekwenda kule, hesabu hii ni bure. Akaniuliza kama wafungashe vitu vyao warudi wiki ijayo. Ilikuwa juu yangu. Neno langu moja lingetosha.

Nikamwambia, "Andika unachokiona."

Siku tatu waliandika walichokiona. Elfu tatu na zaidi kwetu kila siku. Kwenu mia na kitu, mengi yao yakileta sinia za chakula na kurudi nyuma.

Mkuu wangu alipoona tarakimu aliuliza mara moja mtaa wenu una nini. Nikamjibu kwamba una mwinuko mkali, madereva wanaukwepa. Mwinuko unao, uongo sikusema. Nilijiambia hivyo nikishuka ngazi za ofisi, na nikajiambia tena nyumbani nikila.

Mwezi wa Januari tuliwaita wakaazi kwenye ukumbi wa shule. Mimi ndiye niliyesimama na ramani, nikaonyesha maboksi yatakapokaa juu ya Mtaa wa Mzeituni, na mshale mmoja unaoshuka Mtaa wa Ngazi, majaribio ya miezi sita. Watu wa kwenu wakaanza kunung'unika. Jirani yenu muuza vyuma akauliza kwa sauti kama yale maua wataletewa na wao au watakuwa wanayatazama kwa mbali, ukumbi ukacheka. Mama yako alikuwa mstari wa mbele na nguo zake nyeusi. Aliinuka akawageukia. "Huyu binti amekulia sebuleni kwangu," akasema. "Rula akisema imehesabiwa, imehesabiwa."  Baadhi yao wakatia sahihi ya kukubali mpango kwa ajili yake.

Nikakunja ramani. Niliikunja vibaya mara mbili, na mama yako akafikiri ni aibu ya kusema mbele za watu, akanipa maji.

Maboksi yakawekwa Februari. Mama yangu sasa anachambua mboga zake nje, watoto wanacheza mpira katikati ya mtaa, na majirani wananiita mhandisi wetu kwa sauti ya kunibembeleza. Kwenu yanashuka yote, ya kwetu na ya kwenu, na kwa kuwa ni njia ya upande mmoja hayapunguzi mwendo. Mama yako hakuwahi kunilalamikia. Aliniuliza tu siku moja, kwa upole, kama tarakimu zinaweza kubadilika baada ya kuhesabiwa, nami nikamweleza mambo marefu ya kitaalamu.

Sasa lile nililokuficha. Aliniapisha nisikwambie, na leo navunja kiapo. Mwezi wa Julai alikuwa anavuka kuja kwetu na sahani ya koosa, vile viboga vya kujazwa wali, maana nyinyi na sisi sahani zetu hazijawahi kupumzika. Kioo cha pembeni cha gari kilimpiga kiwiko, akaanguka, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Plasta imetolewa wiki iliyopita. Mkono unashika kikombe lakini haukandi unga, na ndiyo sababu sauti yake ilikuwa vile ulipomuuliza amekuokea nini sikukuu. Sahani haikuvunjika. Aliikumbatia. Aliniambia hospitalini, huku anacheka, kwamba chakula kilifika salama kuliko mpishi. Dereva hakusimama.

Nilikaa naye mapokezi saa nne nzima, nikimshika mkono mzima. Alikuwa ananiombea dua.

Na bado sijamaliza, kwa sababu lililo baya zaidi nimeliacha nyuma, kama nilivyoliacha kwa miezi tisa.

Kwenye ile fomu ya kuhesabia kuna mstari mmoja chini kabisa, unaouliza kama kulikuwa na jambo lisilo la kawaida barabarani siku hiyo. Ukijazwa, hesabu inabatilishwa na inarudiwa. Abu Fawaz nilimwambia aandike anachokiona, naye akaandika. Fomu ziliponifikia mezani Jumapili, kwenye zote tatu, kwa penseli na mwandiko wake mzuri wa zamani, kulikuwa na maneno matano: matanga ya Mwalimu, Mungu amrehemu.

Nilichukua kifutio nikayafuta. Kwenye fomu zote tatu. Nikapuliza vumbi la kifutio mezani, nikapeleka fomu kwa mkuu.

Uliniuliza kama mtu aliyehesabu yale magari ana mama. Aliyehesabu ni mtu mwaminifu na hana kosa, msimguse. Aliyefuta ni mimi. Na mama anaye, Hanadi. Ana wawili. Mmoja nilimnunulia usingizi, na mwingine nilimwacha barabarani, na nilitumia matanga ya mumewe kufanya hivyo huku nikipokea shukrani za binti yake.

Sikuombi unisamehe. Nakupa kazi. Kamati inakaa Jumatatu tarehe moja kuamua kama maboksi yawe ya kudumu. Jana niliandika maelezo kwa mkono wangu, yote kama nilivyokuandikia hapa isipokuwa machozi, na nimependekeza mitaa yote miwili ifunguliwe, iwekwe matuta, na ihesabiwe upya siku ambayo hakuna harusi wala msiba. Nimeyatia kwenye faili. Lakini najijua. Faili liko kwenye kabati langu na ufunguo ninao mimi. Kwa hiyo nakala iko ndani ya bahasha hii, pamoja na anwani ya mwenyekiti wa kamati. Mke wa Dokta Hisham anafika kwako Jumamosi. Usiponisikia hadi Jumatatu asubuhi, itume wewe.

Mama yangu nimemwambia. Aliuliza kama nimerogwa. Halafu akauliza kama kazi itapotea, nikasema huenda. Mwishowe akasema yeye hakuniomba nifanye hivyo. Ni kweli, hakuniomba. Tangu jana amerudi kuchambua mboga ndani, na geti amelifunga kwa mnyororo.

Mama yako bado hajui. Simwachii mtu mwingine amwambie, hata wewe, tafadhali. Nitakwenda leo baada ya sala, wakati watu wamelala kidogo na magari yamepungua.

Msalimie mwenye nyumba wako yule anayekupa supu, na uvae vizuri baridi ikianza. Huku wote wanakusalimu, hata muuza vyuma, anasema umewatupa. Andika ukitaka, na usipotaka nitaelewa.

Sahani yenu ya bluu bado iko kwetu tangu Julai. Mama yangu ameiosha na kuiweka mezani mbele yangu ninapoandika, kwa maana ndiyo nitakayokwenda nayo. Unajua mama zetu walivyotulea, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Nimefungua friji mara tatu, nimefungua kabati, na sijui niweke nini.

Ni mimi,
Rula