Jina Nililoliacha Mwishoni mwa Wimbo

Alhamisi. Ukungu umekaa bondeni tangu alfajiri, na sasa ni saa tisa alasiri. Kutoka kitandani naona mti wa peasi na nusu ya banda la ng'ombe. Dunia yangu ya leo imeishia hapo.

Nimevurugikiwa. Nimefundisha miaka mingi, nimezoea kupanga mawazo kabla ya kushika chaki, lakini leo sijui hata nianzie wapi. Wiki iliyopita daktari alisema moyo wangu umechoka na dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Alisema kwa adabu, akimtazama Anjela, mke wa mwanangu, kana kwamba mimi ndiye mtoto niliyeletwa. Sikushtuka. Umri wangu unajulikana.

Kilichonivuruga ni mambo ya kwenye simu.

Nyinyi mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni, ambao wengi niliwafundisha, mnanijua kwa mambo mawili: hesabu na wimbo. Wimbo ni ule wa Kishambaa wa kupalilia, unaoubembeleza ukungu uinuke ili jua lifike shambani. Niliuimba redioni nikiwa mwalimu kijana, ukapigwa mpaka watu wa Mombo, kule chini kwenye joto, ambao hawaujui ukungu, wakaushika. Tangu siku hizo nikipita sokoni Lushoto mtu ataniita tu, "Mwenye wimbo!" Nami hugeuka. Nimegeuka kwa jina hilo maisha yangu yote.

Sasa kuna binti anaitwa Rehema, mwimbaji wa nyimbo za asili, mzaliwa wa hapa hapa. Anapiga gitaa, na nyuma yake ana ngoma mbili. Huchukua nyimbo za zamani na kuzirudia kwa sauti yake. Mwaka jana alikuja kuniomba ruhusa ya kuurudia ule wangu, akaniletea jibini ya Irente iliyofungwa vizuri kwenye karatasi. Nilimruhusu kama mtu anayetoa kilicho chake. Hata mkono nilimpungia akiondoka.

Kwenye rekodi anaimba kama nilivyoimba mimi. Lakini jukwaani, laivu, akifika mwisho hunyamazisha gitaa, ngoma zikabaki peke yake, halafu anaongeza maneno ambayo redioni hayakuwepo: "Wimbo umetoka kwa Zaina."

Hapo ndipo moto ulipowaka.

Anjela aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki wa Rehema, akidhani nitafurahi kusikia nikisifiwa. Wiki mbili sasa sina kazi nyingine ila kuwasoma wakigombana. Wako wanaosema Rehema wa studio ni asali na Rehema wa laivu ni fujo. Wako wanaoapa kwamba hujamsikia mpaka usimame mbele yake. Wanabishania hata tenzi za kanisani anazozitilia ngoma, lakini hizo huzipita haraka, wakarudi kwenye wimbo wangu.

"Ukirudia wimbo wa mtu, urudie ulivyo," mmoja aliandika. "Huyo Zaina ni nani? Shangazi yake?"

"Anataka kumdhulumu bibi wa watu kabla hajafa," akajibu mwingine, bila kujua kwamba bibi wa watu anasoma, miwani puani, uji unapoa.

Akatokea mtu wa Kwai, kijiji cha huku kwetu milimani. "Nyie mnaobishana mmekaa kwenye sofa, mmewahi kushika jembe? Wimbo ule bila kutaja majina haujaisha."

"Wewe kauze kabichi."

"Kabichi zangu ndizo zinazokulisha hapo Dar, kaka. Zikichelewa siku moja unalalamika."

Nilicheka mpaka kifua kikauma. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu mtu wa Kwai alikuwa na haki, na katika kundi zima mimi peke yangu ndiye niliyeweza kusema hivyo nikaaminiwa. Sikuandika kitu.

Wacha nieleze sasa, pumzi ingalipo.

Nyimbo zetu za shambani zina mwisho wake. Watu wanaposaidiana kupalilia, anayeongoza huimba na wengine huitikia, majembe yakienda pamoja. Akitaka kumaliza, hufunga. Kufunga ni kusema wimbo ulikotoka na unakokwenda: nani alinipa, nami nimempa nani. Ni maneno machache tu. Lakini mpaka yasemwe, hakuna anayenyoosha mgongo. Niliwahi kuona wanawake wameinama mvua ikiwapiga, wakimsubiri mwongozaji amalize kukohoa ili afunge.

Zaina wa Kwai ndiye aliyekuwa mwongozaji. Tulilingana umri. Yeye Mwislamu, mimi binti wa mzee wa kanisa wa Kilutheri, na shamba la mama yake lilipakana na letu. Wimbo wa ukungu ulikuwa wao. Mama yake alimpa Zaina, Zaina akanipa mimi tukiwa tunakata majani ya ng'ombe, siku nzima, mstari kwa mstari, akinipiga kiwiko kila nilipokosea. Mimi nilikuwa mwitikiaji wake. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Yake ilikuwa na kitu ambacho mpaka leo sijakipatia neno.

Watu wa redio walipofika Lushoto na gari lao la kurekodia, Zaina alikuwa amejifungua, siku ya kumi na mbili. Arobaini yake haijaisha, hawezi kutoka. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani, akasema, "Nenda wewe, Eliza. Wimbo ni ule ule. Usisahau kufunga."

Nilikwenda. Nilivaa gauni la samawati na viatu vya kufundishia. Niliimba. Nilipokaribia mwisho yule fundi aliinua kidole kuashiria muda umekwisha, nikanyamaza. Mpaka hapo sina lawama kubwa. Lakini alipovua vile vya masikioni alifurahi sana, akachukua kalamu, akauliza, "Wimbo wa nani huu, mwalimu?"

Aliniuliza wazi. Alisubiri na kalamu mkononi. Wenzangu wa shuleni walikuwa wamenizunguka wakitabasamu.

Nikasema, "Wangu."

Neno moja. Sikupanga. Nimetafuta humo ndani ya neno hilo miaka yote hii, nikitaka kuona kama kulikuwa na nia mbaya au ni ujana tu, na sioni. Naona gauni la samawati.

Na si hilo tu.

Wimbo ulipoanza kupigwa, mume wa Zaina alikuwa na redio. Zaina akasikia. Miezi ikapita, tukakutana sokoni, yeye anauza njegere. Alinipimia, akaongeza konzi mbili juu kama kawaida yake. Kisha akaniuliza, hakuinua uso, "Ulifunga?"

Nikamwambia, "Nilifunga. Wao ndio waliokata."

Akasema, "Haya." Akanifungia njegere zangu.

Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa. Hatukugombana. Alinialika harusi za watoto wake, nami nilimfundisha mkubwa wake hesabu mpaka akafaulu, nikajiambia kwamba hayo ni malipo. Siku ya mazishi yake nilikaa na wanawake wa Kwai. Walinipisha kwenye mkeka, wakaniita mwalimu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba sahani ya wali niliyofungiwa, sikuweza kuila.

Kwa hiyo mtaelewa ilivyonivuruga kusikia kwamba Rehema analitaja jina hilo jukwaani. Kwa siku kumi na nne nimejiuliza: ni ndugu yake? Ametumwa? Ananidhihaki, na ile jibini ilikuwa ya nini? Usiku nasema ni adui, asubuhi nasema ni malaika, mchana nasema ni mtoto wa watu tu, anaimba.

Leo saa nne akapiga simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, wamenichosha. Jumamosi tuna onyesho hapa mjini, na wanaoniandalia wanasema niimbe kama kwenye rekodi, la Zaina niliache. Vinginevyo watu wa lile kundi watakuja kunizomea. Nikawaambia mwenye wimbo yu hai, nimuulize."

Mwenye wimbo. Nilibadilisha simu sikio.

"Hilo jina ulilipata wapi?"

"Kwai. Baada ya rekodi kutoka nilitaka kusikia unavyoimbwa shambani. Nilipalilia karoti na akina mama siku mbili. Walinicheka, bibi! Nilikuwa nang'oa karoti naacha magugu. Wakaniambia wewe shika gitaa, jembe tuachie." Akacheka. "Wao hawaimbi bila kufunga."

"Wanafungaje?"

Nilisikia jogoo upande wake.

"Wanasema, wimbo umetoka kwa Zaina. Zaina alimpa Eliza."

Anjela aliingia na dawa, nikamwashiria atoke.

"Wanataja Eliza mpaka leo?"

"Ndiyo. Wanasema Zaina mwenyewe alikuwa akifunga hivyo, mpaka uzee wake, hakubadilisha."

"Na wewe jukwaani mbona unaishia katikati?"

"Niliogopa, bibi. Redioni ulisema ni wako. Nikimtaja Eliza, watu wataelewa haukuwa wako. Nikimwacha Zaina, nitawakosea wale mama. Nikaona niseme nusu. Wanitukane mimi, mimi nimezoea."

Nilimwambia nitampigia. Nikakata bila hata kumuaga.

Tangu saa nne, basi, nimekaa na jambo hili na silielewi. Miaka yote ile nilikuwa nimemficha Zaina, na yeye alikuwa akinitaja. Kila palizi, kila msimu, mbele ya wanawake wote wa Kwai, akinyoosha mgongo kwa jina langu. Kwa nini? Aliniamini niliposema wamekata? Au alijua, na alikuwa akiliita jina langu kama mtu anayebisha hodi mlangoni, akingoja nitoke? Au kwake haikuwa hivi wala hivi: alinipa wimbo, na aliyepewa hutajwa, hata akiwa mwongo?

Wale wanawake walionipisha kwenye mkeka walikuwa wanajua. Wote. Walinisogezea wali.

Nimejaribu kulipanga kama hesabu na halipangiki. Kama aliniamini, nilimdanganya mtu mwema mpaka kaburini. Kama hakuniamini, alinivumilia mpaka kaburini. Sijui lipi ni zito zaidi. Nimekuwa nikilibadilisha kutoka bega hili kwenda lile tangu asubuhi, na hayo mabega yenyewe hayabebi hata shuka.

Ila kuna jambo moja halinichanganyi. Kuna binti anayetukanwa kwa kosa langu, na kesho kutwa atasimama mbele ya watu na nusu ya wimbo.

Nimefanya hivi. Nimemwita Anjela aniinue na kuniwekea mito mgongoni. Nimemwomba anionyeshe pale pa kubonyeza ili sauti irekodiwe. Akauliza kama ninataka kumtumia mtu salamu. Nikasema ndiyo. Nikamwambia abaki asikie, maana yeye naye amepika chai ya wageni waliokuja kumwona mwenye wimbo, anastahili kujua.

Nimewaambia watu wa kundi jina langu na kwamba wimbo haukuwa wangu. Nimewaambia kuhusu arobaini, kidole cha fundi, kalamu, na njegere. Nimewaambia yule wa Kwai ana haki na wampe heshima yake. Sikulia. Anjela ndiye aliyelia, akijifuta kwa upindo wa kanga, akinitazama kama anayemwona mgeni ameketi kitandani kwa mkwe wake.

Halafu nikaimba mwisho tu, kwa Kishambaa, kwa hii sauti iliyobaki, ambayo ni kama mlango wa zizi. Wimbo umetoka kwa Zaina. Zaina alimpa Eliza. Eliza amempa Rehema.

Nilikohoa katikati, kikohozi kirefu. Anjela akasema, "Mama, tufute, uanze upya ukipata nafuu?" Nikakataa kwa kichwa, nikasubiri pumzi, nikamalizia jina la mwisho. Nikatuma hivyo hivyo, na kikohozi chake.

Sasa simu inalia kila dakika. Sijaitazama. Huenda wananitukana, na ni haki yao. Huenda Rehema amesikia, huenda bado. Ukungu umeinuka kidogo. Naona banda zima la ng'ombe, na ukingo wa shamba.

Bado sijui ulikuwa na maana gani uliponiambia "Haya", Zaina. Nitakufa sijui.

Lakini leo nimefunga, na hakuna aliyekata.