Anayestahili Kumbeba Anjela

Matiri, Jumamosi, katikati ya Julai

Ukungu umeshuka tangu asubuhi, na mpaka sasa, saa kumi jioni, sioni hata nyumba ya jirani. Kahawa tuliyoianika juzi bado mbichi, nimeifunika turubai. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, lakini nisiisingizie baridi. Tangu nirudi kutoka Mbinga mjini sijatulia. Nimechemsha chai mara mbili, na mara zote mbili nimeiacha ikapoa.

Kesho binti yangu Anjela anabatizwa.

Au tuseme, alikuwa abatizwe kesho. Ngoja niandike tangu mwanzo, labda nitajielewa.

Mnaosoma hapa siku zote mnajua Anjela alizaliwa Machi, kabla ya miezi yake kutimia. Sikuwahi kuandika yaliyotokea siku ile. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, damu ilikuwa inanitoka, na mume wangu Oswin alikuwa nje na wenzake wanasukuma gari kwenye tope. Aliyekaa nyuma na mimi, kichwa changu mapajani mwake, alikuwa Saverina, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Si ndugu yangu. Alikuwa anapita tu na ndoo yake ya maji, akaiacha barabarani, akapanda.

Saverina anapika pombe, komoni. Watu wa jumuiya yetu ya kanisa wakimtaja huanza na hilo, kisha hufuatisha la pili: anaishi na mwanamume asiye mume wake wa ndoa. Ana sauti ya kuitia mbuzi bonde la pili, na kanisani haonekani ila kwenye misiba.

Hospitalini walisema mtoto ni mdogo mno, lazima abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, apate joto. Mimi nilikuwa sijitambui. Mama mkwe wangu ni mzee, kifua kinambana. Saverina akafungua vifungo vya blauzi yake. Alikaa siku kumi na tisa kwenye kiti cha plastiki na mwanangu kifuani, analala ameketi, anakula kwa mkono mmoja. Aliniambia baadaye kwamba muda wote huo alikuwa anamsimulia Anjela umbea wa Matiri nzima, ili mtoto aone duniani kuna mambo asitamani kurudi alikotoka.

Nilipopata fahamu sawasawa, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa utosi wa mwanangu unachungulia kwenye kanga ya Saverina. Nikasema bila kufikiri, "Wewe ndiye utakayemsimamia ubatizo."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona Saverina analia.

Sasa, mimi ni mwalimu. Siku za kazi nipo shule ya msingi, na Jumapili baada ya Misa nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Masharti ya msimamizi wa ubatizo naweza kuyataja nikiwa usingizini: awe amepata Kipaimara, awe anapokea sakramenti, asiwe anaishi na mtu bila ndoa. Nimeyaandika ubaoni miaka na miaka kwa mwandiko wangu mzuri. Pale kitandani hayakunijia hata moja.

Nilipokwenda kumwandikisha Anjela, katekista aliposikia jina la Saverina aliweka kalamu mezani. "Mwalimu, hata wewe?" Hakuwa mkali. Aliniambia kwa upole nitafute mwingine, akasema hata Mama Gaudensia yuko tayari.

Mama Gaudensia ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, na sikuja hapa kumsema. Nilipokuwa hospitali aliongoza novena nyumbani kwangu siku tisa, kwenye mvua, na magoti yake yale mabovu. Oswin anasema siku aliyorudi kuchukua nguo akakuta nyumba imejaa watu wanaimba, ndiyo siku ya kwanza chakula kilimpita kooni. Kama nilipona kwa sala zao, au kwa damu niliyoongezewa, au kwa vyote, sijui, na sitaki kujifanya najua. Mimi mwenyewe nilikuwa naipapasa rozari chini ya mto hata nilipokuwa sina nguvu ya kugeuza shingo. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Mimi si wa wale wanaosema kanisa halina kazi. Napenda kanisa langu. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kwa Saverina kumweleza. Nilimsomea masharti kama ninayesoma matokeo ya mtihani ambao sikuusahihisha mimi. Nilitegemea atanitukana, nami ningeona ni haki yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi Mwalimu, nitayatimiza."

Na hapo lazima niwaeleze habari za Mzee Dominikus, huyo mwanamume anayeishi naye. Ni mtu wa ziwani, wa Lipingo. Alikuwa mvuvi, akawa anapandisha usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kuuza huku kwetu milimani, mwisho akabaki kwa Saverina. Kule ziwani ana mke wa ndoa ya kanisani. Wameachana miaka mingi, lakini mke yuko hai, kwa hiyo kwa Saverina hakuna ndoa ya kufungwa. Watoto wa Mzee walimkasirikia alivyomwacha mama yao, wakaapa hatakanyaga tena kwao. Sasa ana sukari, na mguu wa kushoto una kidonda kisichopona. Saverina hukiosha asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi, anakifunga kitambaa safi. Hajaruka siku.

Kipaimara Saverina alikipata zamani, kwa hiyo sharti la kutimiza lilikuwa moja tu, Mzee aondoke. Nililijua hilo nikiwa bado nimesimama uani kwa Saverina. Nililijua, nikaaga, nikaenda zangu nyumbani kukoka moto.

Jumatano kwenye jumuiya Mama Gaudensia akatutangazia kwa furaha kwamba Saverina anaanza maisha mapya, yule mzee anarudi kwao wiki hii, Saverina mwenyewe ameshaonana na padre, na katekista amemwandika kuwa msimamizi wa Anjela. "Mungu amemgusa!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Gaudensia, ambaye nafasi ile ingekuwa yake, ndiye aliyepiga cha juu kuliko wote.

Na mimi nilipiga.

Leo asubuhi nikateremka Mbinga kununua gauni jeupe na mshumaa. Kupita stendi namwona Mzee Dominikus ameketi kwenye benchi, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, mfuko wa salfeti miguuni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

Nikamwambia hajambo. Nikamuuliza nani atampokea huko chini. Akasema wanawe. Alijua kwamba najua walivyoapa.

"Mzee, Saverina amekufukuza?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Saverina? Yule hawezi kufukuza hata kuku wa jirani akiwa kwenye unga. Alikuwa anazunguka tu na maneno mdomoni, yanamshinda. Nikaona nimsaidie. Nimemwambia wanangu wamepiga simu, wamenisamehe, wananitaka nyumbani."

"Na wamepiga?"

"Hawajapiga." Akauinua mguu kwa mikono miwili akauweka vizuri. Kitambaa kilikuwa kimelowa upande wa chini. "Mwanangu, nimekaa na yule mama miaka yote hii, sikumpa kitu zaidi ya kidonda cha kuosha. Anamwimbia yule mtoto wako hata mtoto akiwa hayupo. Acha nimpe hiki kimoja. Na wewe mwalimu wa dini, nakuomba, usije ukaniharibia."

Gari la Nyasa likaja. Sasa naandika kitu ambacho Oswin hajakisikia. Sikumzuia. Nilimshika mkono akapanda. Nilimpa konda godoro alifunge juu. Nikapunga mkono.

Na gari lilipoondoka nilisikia nafuu.

Ndiyo, nafuu. Ahadi yangu imetimia, katekista ameridhika, Mama Gaudensia amefurahi, gauni liko mfukoni. Kila kitu kimekaa sawa, na mimi sikumfukuza mtu. Nilinunua mpaka soksi za mtoto. Nilipanda gari la kurudi Matiri nikiwa naimba kimoyomoyo wimbo wa kesho.

Aliyenikatisha wimbo ni Saverina mwenyewe. Alikuwa ananisubiri mlangoni kwangu, amesuka nywele upya, amevaa gauni la kijani ambalo sijawahi kuliona, anataka nimwambie kama linafaa kanisani. "Mwalimu, Mzee wangu ameenda kwa wanawe! Nilikuwa sijui nitamwambiaje. Nalala naomba, naamka naomba, Ee Mungu nifungulie njia. Kumbe alishapanga. Wamempigia simu wenyewe!"

Alikuwa anamshukuru Mungu kwa uongo wa Mzee Dominikus. Na ule uongo, nikiupima kwa vipimo ninavyofundisha watoto, ni dhambi, lakini mimi katika maisha yangu sijawahi kumpa mtu zawadi kubwa kiasi hicho. Mzee haendi kanisani, Saverina alikuwa haendi, mimi naenda kila Jumapili, na kati yetu watatu aliyekuwa tayari kumwacha mgonjwa aende akaoze ni mimi.

Nilitamani kunyamaza. Ningenyamaza, kesho kungekuwa na pilau. Nikamuuliza tu, "Kidonda ataoshewa na nani?"

"Binti yake si yupo."

Nikamwambia yote. Alikaa chini palepale kwenye ngazi, na gauni lake jipya. Halafu akauliza, "Ulimwona akipanda?"

"Nilimwona."

"Ulimsaidia kupanda?"

"Ndiyo."

Akanitazama, si kwa hasira, na ingekuwa hasira ningepumua. Akasema polepole, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Kwa hiyo nikikaa naye nikamwosha, sifai. Nikimwacha akaoza peke yake huko, ndiyo nafaa. Hebu niambie wewe unayefundisha watoto."

Naweza kusema sharti halikumtaka mtu amtupe mgonjwa. Naweza kusema padre angeujua mguu ule angetafuta njia nyingine. Inawezekana. Lakini padre hakuujua kwa sababu hakuna aliyemwambia, na mimi ndiye niliyekuwa na habari zote. Niliogopa kuuliza swali lisilo na jibu ubaoni. Nimekuwa mtu wa dini kwa namna hiyo muda mrefu: nashika kila kitu kilichoandikwa, na yasiyoandikwa nawaachia akina Saverina.

Je, ningemlea Mzee yule mimi? Najiuliza kwa dhati. Naona napeleka uji siku mbili, ya tatu namtuma mtu, ya nne namwombea.

Saverina alisimama, akakung'uta gauni. "Kesho nakwenda kumrudisha. Na akirudi, anarudi kwangu. Mtoto mpeni Mama Gaudensia, ni mama mzuri. Wewe usinifuate." Akaondoka kwenye ukungu.

Hakumbusu Anjela. Kila siku humbusu.

Oswin yupo chumba cha pili. Amewasha pasi ya mkaa na ananyoosha gauni jeupe, analigeuza kwa ncha za vidole kama kitu kitakachovunjika. Nasikia anapiga mluzi. Mama mkwe yuko jikoni anachambua mchele wa kesho. Tangu Machi anaogopa mjukuu wake asije akafa bila maji ya ubatizo, na sitamcheka, kwa sababu hofu hiyo hata mimi ninayo. Nililelewa nayo. Nikimaliza kuandika nitainuka niwaambie wote wawili, na najua mama mkwe atalia, na Oswin ataniuliza kwa nini nilingoja mpaka leo. Kisha nitakwenda kwa padre kumweleza habari ya mguu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya wiki tatu zilizopita. Sijui atasema nini. Anaweza kusema Anjela apate msimamizi mwingine na Saverina abaki alivyo. Akisema hivyo, nitakuwa nimemvunja Saverina mara mbili.

Saverina alisema nisimfuate. Nitamfuata. Gari la kwanza linatoka saa moja asubuhi, saa ileile ya Misa. Anjela ananyonya, lazima niende naye. Nitachukua chumvi na vitambaa safi. Sijui kama Saverina atakubali tukae kiti kimoja, wala kama Mzee tutamkuta kwa wanawe au barabarani. Naogopa kuhusu ule mguu.

Kesho katekista atasimama mbele, atasoma majina ya watoto mmoja mmoja, na wazazi watakuwa wanaitika. Atafika kwa Anjela. Atasoma mara ya kwanza, atasoma tena, na hakuna atakayeitika.