Mashuka ya Mwalimu

Karakana ya Mageti,
S.L.P. 318.
Jumatatu, 6 Mei

Mpendwa mtoto wa kaka,

Jirani niliyeishi naye miaka kumi na tisa nilimpoteza jana, saa kumi na moja na robo jioni, na aliyenipotezea ni wewe. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila hasira.

Filamu yako tumeiona. Mtaa mzima tulijazana ukumbini kumtazama mtoto wetu. Dakika mia moja na nne! Polisi wako anatumia dakika tisa kuvuka ua ambao mimi ningeuvuka kwa hatua kumi na mbili. Geti linalia kama paka aliyebanwa mkia; hakuna hata tone la grisi huko kwenu? Na mtu akifungua friji tu, ngoma za kututisha. Nilicheka mpaka watu wakanigeukia.

Dakika ya arobaini na moja kicheko kikanikatika. Jirani mstaafu wa filamu yako anafua mashuka kila alfajiri, anayaanika nyuma ya nyumba yasionekane. Wewe ukayatia damu, ukamfanya muuaji.

Hayo ya mashuka niliyaandika mimi, barua ya Januari, nikakwambia ni siri. Mwalimu, huyo jirani yangu, anafua kwa sababu mama yake hawezi tena kujizuia, na anaona haya watu wajue. Kuropoka ni kosa langu, nalikubali. Wewe ulisoma shida ya mtu ukaona maiti.

Mwalimu alikaa kiti cha tatu kutoka kwangu. Aliniangalia tu, akatoka. Fundi redio, mtu mzima na kipara chake, akampigia kelele: "Shikamoo, Mwalimu Damu! Leo umefua wangapi?"

Asubuhi nimekuta kufuli kwenye mlango mdogo kati ya nyua zetu. Hapo nilipita kila Jumanne na Ijumaa kumsaidia kumwogesha mama, maana hanyanyuliwi na mtu mmoja. Nikagonga.

"Nenda kamwandikie mwenzio, dada," akanijibu kwa ndani. "Mwambie leo sijaua."

Mkewe fundi redio ananiambia tarehe thelathini mama anapelekwa nyumba ya kulelea wazee. Huko atakufa hajui sura ya mtu.

Baba yako anakusalimu. Nisalimie mkeo na mapacha. Mungu akupe macho ya kuona watu.

Maelezo ya sanaa usinitumie. Utakuja mwenyewe usimame mbele ya Mwalimu, mtaa ukisikia, useme ulichofanya, au huji? Nataka ndiyo au hapana, kabla ya tarehe ishirini, saa sita mchana.

Anayekupenda bado, kwa shida,
Shangazi yako