Malisho Yasiyoonekana kwa Macho

Kitengela, upande wa Isinya
Alhamisi asubuhi

Resian mwanangu,

Takwenya. Najua umeitika "Iko" hata kabla hujakaa chini, maana tangu utoto hujawahi kuniacha bila jibu. Unaendeleaje? Kile kikohozi kimeisha? Unakula? Usiniambie chai na mkate, hicho si chakula cha mtu anayeshinda kwenye mashua. Mimi niko mzima, ni goti tu linanisumbua nikichuchumaa kukamua. Ng'ombe wote wanne wako salama, na yule mwekundu amezaa ndama jike mwenye doa jeupe juu ya jicho. Sijampa jina. Nakungojea.

Utashangaa kupata barua na kifurushi kwa basi, kama mambo ya zamani. Lakini simu yako haishiki tangu mwingie baharini, na ulisema mtarudi nchi kavu Jumatatu. Ulisema pia kwamba Jumatano wakubwa wenu wanakaa kuamua kama Munguti ataendelea kuwa dereva wenu ama atarudishwa kwao. Kwa hivyo nataka uisome kabla ya hiyo Jumatano, na uisome yote, hata pale mkono wangu umeenda kombo. Darasa la nne ndilo niliishia, unajua.

Huku mvua imenyesha kidogo. Asubuhi kuna ukungu, na hizi ploti zote na mabati yake zinapotea, inabaki tu nchi tambarare vile ilikuwa wakati naolewa. Jua likichomoza, zile nailoni za mashamba ya maua kule Isinya zinaanza kumetameta mbali, na mimi husimama mlangoni na ndoo yangu nikisema, hiyo ni bahari, mtoto wangu yuko hapo. Mama Nelima, yule mpangaji wetu wa kutoka Bungoma, hunicheka. Juzi aliniuliza kama kweli ulisoma miaka yote hiyo ndiyo uhesabu uchafu wa maji. Nikamwambia wewe Mama Nelima, unakula samaki kila Jumamosi na hujawahi kujiuliza huyo samaki alikula nini.

Sikumjibu hivyo kwa akili yangu. Ni maneno yako. Nakumbuka vile ulinieleza, ukiwa umekalia kile kigoda cha kukamulia, kwamba baharini kuna majani madogo sana yanayoelea, madogo hata jicho haliwezi kuyaona, na wadudu wa maji wanakula hayo, na samaki wadogo wanakula wadudu, mpaka unafika kwa nyangumi. Ukasema upepo ukibadilika na maji ya chini yakipanda, majani hayo yanamea, na kila kitu chenye tumbo kinahama kufuata. Ukasema pia hewa tunayovuta, karibu nusu yake hayo majani ndiyo yameitoa. Hiyo ya hewa ilinishinda kidogo. Lakini ile ya kwanza niliielewa siku hiyo hiyo, kwa sababu hiyo ni kazi ya baba yako. Parmuat alikuwa akisimama juu ya kilima, ananusa tu, anasema kuna nyasi upande wa Kimana, na tunahama. Nilikuangalia nikaona amerudi, lakini sasa anachunga maji.

Tangu siku hiyo naota ndoto moja. Naota ng'ombe wetu wote, hata wale waliokufa na ukame, wanatembea juu ya maji ya kijani, polepole, vichwa chini, na hawazami. Baba yako yuko mbele na fimbo yake mabegani. Wewe uko nyuma na chupa zako. Mimi niko ukingoni, nguo yangu imelowa hadi magotini, na ninaita, lakini mnasikia kengele za ng'ombe tu. Nikiamka huwa nimefurahi, halafu nakumbuka hizo chupa, na furaha inaisha.

Sasa nikupeleke mwezi wa nne, wakati wa Pasaka. Ulikuja na Munguti mkitoka pwani na zile chupa nane za maji ya bahari, mkizipeleka maabara Nairobi, mkaambiwa imefungwa mpaka Jumanne. Ukaziweka kwenye dirisha la sebule, ukasema zinataka mwanga. Munguti alikunywa maziwa ya kibuyu, akasema haya maziwa ya Mama Resian yanavuta sigara, halafu akaongeza kikombe cha pili. Nilimpenda huyo kijana. Alinitengenezea hata mlango wa zizi bila kuambiwa. Jumanne akazipakia chupa kwenye gari na mkaenda.

Halafu wiki mbili zilizopita ukanipigia simu ukiwa na hasira. Ukasema mmemaliza kupima, na maji ya chupa zote nane hayakuwa na kitu kilicho hai, na ndani kulikuwa na vipande vidogo vya makaa. Ukasema kazi ya msimu mzima imeharibika, na lazima huyo Munguti aliziweka karibu na jiko mahali alikuwa akichoma nyama. Ukasema anaapa kwa jina la mtoto wake kwamba hakuzigusa, na ndiyo maana ukaandika barua ya kumshtaki kwa wakubwa, kwa sababu kosa unaweza kusamehe lakini uongo hapana. Mimi nikasema pole. Nikakuambia chaji imeisha, nikakata. Resian, chaji ilikuwa imejaa.

Ni mimi.

Ile Jumatatu ya Pasaka mlienda mjini kununua matairi, nikabaki nikifagia. Nikaona chupa zako zimeshika kitu cha kijani kando kando, kama ute. Nikafungua moja, ikanuka. Mwanangu, nilishikwa na aibu. Wewe unajua mama yangu alinifundisha nini. Mwanamke anajulikana kwa kibuyu chake. Mgeni akinywa maziwa yaliyoharibika, hasemi kibuyu ni kibaya, anasema huyo hakufundishwa kwao. Nikafikiria wale watu wa maabara wanafungua vyombo vya binti yangu, vinanuka, wanatazamana.

Na ulikuwa umesema majani yako hayaonekani kwa macho. Mimi ile kijani nilikuwa naiona. Nikasema basi hii ninayoiona ni uchafu, na majani ya Resian yamo ndani ya maji, salama. Kwa hivyo nikachuja maji ya chupa moja moja kwa kile kitambaa cheupe cha maziwa. Nikachoma kijiti cha mti wa oloirien mpaka kikawa kaa, nikasugua kila chupa ndani kwa kaa hilo na moshi wake, vile nafanya kibuyu, mpaka ikanukia vizuri. Nikarudisha maji ya kila chupa mahali pake, sikuchanganya. Nikazipanga dirishani. Zilikuwa safi kama machozi. Uliporudi nilingoja uniambie asante. Hukuona, ulikuwa umechoka, na mimi sikutaka kujisifu.

Kwa hivyo majani yako nilichuja mimi, na yaliyobaki niliua na moshi nikifikiri nayatunza. Na kwa wiki mbili nimenyamaza mtu mwingine akibeba. Mara tatu nimeshika simu. Niliogopa utasema, kwa sauti ile ya upole ya kuongea na mgonjwa, "Si kitu Yeyo, hukujua." Niliogopa hiyo kuliko matusi.

Lakini jana nimeona kitu jikoni, na ndiyo kilinipa nguvu ya kukaa na kalamu. Wewe unajua sisi watu wa huku hatumwagi maji. Ile siku nilipokamua kitambaa, ule ute wa kijani na maji kidogo yaliyobaki niliyatia kwenye ule mtungi mdogo wa kioo wa jamu wenye kifuniko. Yana chumvi, ndama hawezi kunywa, sukuma wiki ingekauka. Nikaweka nyuma ya dirisha la jikoni nikasahau. Jana jua la saa sita liliingia pale, nikaona mtungi wote ni kijani, kijani kama Kimana baada ya mvua. Na ndani kulikuwa na vipovu vidogo vidogo, vinapanda kimoja kimoja. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Nikakumbuka ile ya hewa. Maziwa yakachemka yakamwagika na sikuinuka.

Nimeufunga mtungi kwa lesso mbili, uko ndani ya kifurushi hiki. Sijui kama ni wa faida, kwa sababu hapo zote nane zimechanganyika. Lakini haya hayajapata moshi.

Jumatano waonyeshe wakubwa hii barua. Isomwe yote, hata pale nimekosea. Kama hawaamini, nipigie, nitapanda gari nije na kibuyu na kijiti cha oloirien niwafanyie mbele ya macho yao. Waambie ni mama yako, hakusoma, ukitaka. Aibu nitaizoea. Lakini Munguti asibebe moshi wangu hata siku moja zaidi. Na wewe umwombe msamaha kwa mdomo wako, si kwa simu. Mwambie maziwa yake bado yapo hapa, na mlango wa zizi bado unafunga vizuri.

Mama Nelima anakusalimia, na kanisa lote la hapa linakusalimia. Jifunike kifua ukiwa kwenye mashua. Ningeandika mengine lakini karatasi imefika chini na ndama analia, anataka mama yake.

Ni mimi Yeyo wako,
Priscilla