Uzi wa Machi

Dada yangu Zlatina,

Mwanangu Kalin ameota jino la pili. Mchana anashinda kwa mama, lakini kiwandani bado namsikia akilia chini ya cherehani yangu. Jana niliizima nikainama kumtafuta. Msimamizi akauliza, "Nevena, umepoteza sindano au akili?" Wenzangu wakacheka.

Tume ya madaktari imenipa cheti kwamba maradhi haya ya akili yaliyonianza baada ya kujifungua ni ulemavu, kwa hiyo hawawezi kunifukuza ovyo. Mama anasema, "Kifiche, mwanangu, watakuita kichaa." Nimeapa kukipeleka kiwandani nikishamwona korongo wa kwanza, siku ya kufungua mkononi uzi wetu wa Machi, ule mwekundu na mweupe tunaouvaa hadi korongo warudi.

Leo korongo ametua juu ya bomba la moshi. Uzi nimeutundika kwenye mti wa plamu, kama desturi.

Kalin amelala mapajani pangu, na bado namsikia akilia. Kesho nakwenda na cheti.

Mdogo wako,
Nevena